Kuipima Shule Ndogo

Uhakiki tuliouzoea ni ule wa vitabu. Mhakiki husoma riwaya, akapima maudhui na fani, akatoa hukumu yake, na msomaji akaamua kama atainunua au ataiacha dukani. Shule nayo ni kazi ya mikono na akili za watu kama kilivyo kitabu: ina wabunifu wake, ina dhamira inayotangazwa na dhamira iliyojificha, ina lugha yake, na ina wasomaji wake ambao ni watoto. Tofauti ni kwamba kitabu kibaya mtu hukifunika akakirudisha kabatini. Mtoto aliyepoteza miaka miwili katika shule mbaya hana pa kuirudishia miaka hiyo. Ndiyo maana nimeona si vibaya kuihakiki shule moja kwa uzito ule ule ambao wengine huuweka katika riwaya.

Shule yenyewe sitaitaja jina. Iko katika mji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, ambako naishi na familia yangu miongoni mwa watu wengi waliotoka Afrika Mashariki. Ni shule ya msingi yenye watoto wasiofika mia mbili, na imepanga katika jengo la matofali mekundu lililokuwa ghala zamani. Mimi na mke wangu tuliiendea kuitazama kwa nia ya kumhamishia binti yetu wa miaka tisa. Haya yafuatayo ni yale tuliyoyaona, na jinsi tulivyoyapima.

Msomaji aliyeko Dodoma au Mombasa huenda akauliza ni shule ya aina gani hiyo. Wamarekani wanaziita kwa neno ambalo likipita katika ulimi wetu huwa chata. Na chata kwetu ni alama ya biashara, ile inayopigwa kwenye pindo la kitambaa. Tafsiri iliyo sahihi zaidi ni shule ya mkataba. Watu kadhaa, wawe walimu, wazazi au jumuiya fulani, hujikusanya na kuandika jinsi watakavyoiendesha shule. Mamlaka inayotambuliwa na jimbo, ambayo yaweza kuwa wilaya ya elimu, chuo au shirika lisilotafuta faida, hutia nao sahihi mkataba. Hapa Minnesota mkataba huo hauzidi miaka mitano kwa mara moja. Serikali hutoa fedha kulingana na idadi ya watoto. Shule haitozi ada, haifundishi dini wala haichagui watoto. Waombaji wakizidi nafasi, huchezeshwa bahati nasibu. Badala yake shule hupewa uhuru mkubwa katika ratiba, mafunzo na uajiri wa walimu. Ikishindwa kutimiza iliyoyaahidi, mkataba hauhuishwi na milango hufungwa.

Mtu anayezikumbuka shule za harambee za Kenya baada ya uhuru ataona undugu fulani, na pia tofauti. Kule wananchi walichanga kwanza, wakajenga madarasa kwa nguvu zao, kisha wakaiomba serikali iwaletee walimu. Huku fedha ni za umma tangu siku ya kwanza. Kinachotoka kwa watu ni wazo na uendeshaji.

Wazo hilo nalo lina ukoo wake. Ray Budde, msomi wa elimu wa Massachusetts, ndiye aliyeanza kulieleza katika miaka ya 1970. Mwaka 1988 Albert Shanker, rais wa chama kimojawapo kikubwa cha walimu nchini Marekani, alilichukua na kulihubiri. Yeye aliona shule za namna hii kuwa mahali ambapo walimu wangejaribu mbinu mpya, na zikifaa zienee katika shule nyingine zote. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa hapa hapa Saint Paul mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokuwa wameacha masomo. Sheria ile ya mwanzo ilitaka walimu wawe wengi katika bodi ya shule. Leo haitaki hivyo tena: inatosha awepo mwalimu mmoja, mzazi mmoja na mtu mmoja wa jamii miongoni mwa wajumbe. Shanker mwenyewe alilipa kisogo wazo hili katika miaka ya 1990, alipoona kampuni za biashara zinaingilia na walimu wanasukumwa kando. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa shule yoyote ya mkataba ni la kihistoria: je, chombo hiki bado ni cha walimu? Katika shule tuliyoitembelea, mwalimu katika bodi ni mmoja tu.

Kabla ya kuingia darasani, yafaa kuondoa dhana moja. Wako wanaoamini kwamba shule ya mkataba ni bora kwa sababu ni ya mkataba, na wako wanaoamini kuwa ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wa kituo kiitwacho CREDO, walilinganisha matokeo mwaka 2009. Waliona kuwa katika hisabati asilimia 17 ya shule za mkataba zilizidi shule za kawaida, asilimia 37 zilikuwa chini yake, na zilizobaki hazikuwa na tofauti ya maana. Mwaka 2023 kituo hicho hicho kilitoa matokeo mengine. Safari hii wanafunzi wa shule za mkataba, kwa wastani, walikuwa mbele kwa kiasi kinacholingana na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hisabati. Huko ni kusonga mbele, lakini wastani wa siku sita haumwambii mzazi ampeleke wapi mtoto wake. Ndani ya wastani huo mna shule nzuri mno na shule za kutia aibu. Chata iliyopigwa pindoni haitoshi; inabidi kukishika kitambaa chenyewe.

Tuanze basi na maandishi ya shule yenyewe. Kipeperushi tulichopewa kilikuwa kizuri kwa macho, na kilidai kwamba watoto wa darasa la nne waliofikia kiwango cha kusoma walipanda kutoka asilimia 40 hadi asilimia 60 kwa mwaka mmoja. Mzazi akisoma haraka hushangilia. Lakini darasa lile lilikuwa na watoto 20. Katika darasa la watoto 20 kila mtoto ni asilimia 5, kwa hiyo muujiza wote ule ni watoto wanne. Tena si watoto wale wale: wa mwaka wa kwanza walikuwa wamekwisha kupanda darasa la tano. Familia nne zenye watoto hodari zikihamia mtaani, shule imepanda, zikihama, imeshuka, na mwalimu ni yule yule. Jimbo lenyewe linalijua jambo hili, ndiyo sababu halitangazi matokeo ya kundi lenye watoto wasiofika kumi. Sisemi kwamba shule ilidanganya. Ilitumia hesabu za kweli kusema jambo ambalo hesabu hizo haziwezi kulisema. Shule ndogo hupimwa kwa mfululizo wa miaka mingi, na hata hivyo kwa tahadhari.

Darasani ndiko tulikopata vya kuthamini. Katika darasa la nne walikuwa wakijifunza hesabu za sehemu. Mwalimu aliuliza ipi kubwa, robo au thumni. Mvulana mmoja alijibu kwa sauti kwamba thumni ni kubwa, maana nane inaizidi nne. Wenzake wawili walicheka. Mwalimu hakumwambia amekosea. Alimpa karatasi mbili za ukubwa mmoja na mkasi, akamwomba akate moja mara nne na nyingine mara nane, kisha awaonyeshe wenzake kipande ambacho angependa kingekuwa keki yake. Mvulana alikata, akavitazama vipande, akacheka mwenyewe. Halafu mwalimu akamwuliza mmoja wa wale waliomcheka aeleze kwa nini nambari kubwa imezaa kipande kidogo, na huyo hakuweza. Shughuli nzima ilichukua kama dakika kumi, katika shule inayopimwa kwa mitihani, na mwalimu hakuonyesha haraka. Kwangu mimi dakika zile kumi zilikuwa na uzito kuliko kipeperushi chote.

Chumba cha jirani kilikuwa na hewa nyingine. Watoto walikaa wima, mikono imekunjwa juu ya meza, macho yakimfuata mwalimu kila alikokwenda. Ukutani palikuwa na chati ya alama: anayenong'ona hupunguziwa, anayenyamaza huongezewa. Walipotoka walipita ukumbini kwa mstari, bila neno. Mtindo huu una historia yake. Ulipata umaarufu kupitia mitandao mikubwa ya shule za mkataba, hasa KIPP iliyoanzia Houston mwaka 1994, ambayo ilijijenga juu ya nidhamu kali, siku ndefu na matarajio makubwa kwa watoto wa maskini. Wako watoto wengi waliofika chuo kikuu kwa njia hiyo, na si haki kuibeza. Lakini mwaka 2020 KIPP wenyewe waliiacha kaulimbiu yao ya miaka mingi iliyowataka watoto wafanye kazi kwa bidii na wawe wema, na uongozi wao ukakiri kwamba baadhi ya taratibu zao za nidhamu ziliwaumiza watoto weusi.

Sisi tuliosoma kwa mchakamchaka, paredi na fimbo hatutishwi na mstari wa watoto ukumbini. Pengine wengi wetu hufurahi: hapa, tunasema, pana adabu. Lakini uhakiki hauulizi tu kama jambo ni zuri. Unauliza ni zuri kwa nani. Binti yetu amezaliwa hapa na Kiingereza chake hakina kasoro. Tulipomwandikisha shule, fomu iliuliza ni lugha gani inayozungumzwa nyumbani, tukaandika Kiswahili, kwa kuwa ndiyo kweli. Kwa mujibu wa taratibu akapimwa Kiingereza, akawekwa katika kundi la msaada wa lugha, akawa anatolewa darasani wakati wenzake wakisoma hadithi. Taratibu hizo zilitungwa kwa nia njema, na zimewafaa watoto wengi waliofika nchini bila neno la Kiingereza. Kwake yeye zilizaa ukimya. Nyumbani anaongea kama cherehani, anamsimulia bibi yake kwa simu mambo ya siku nzima. Shuleni, katika jengo lenye mamia ya watoto, ripoti zilisema kila muhula kwamba ni mtoto mpole asiye na matatizo. Mtoto asiye na matatizo hasumbui mtu, na kwa hiyo hatazamwi na mtu. Tulikuwa tukimtafutia mahali atakaporudishiwa sauti yake. Je, shule inayotoa alama kwa kunyamaza ingemrudishia sauti, au ingempa tuzo kwa ugonjwa wake?

Tulimwuliza mwalimu mkuu maswali matatu ambayo naona kila mzazi ana haki ya kuyauliza.

La kwanza: kati ya walimu waliopo leo, wangapi walikuwapo miaka mitatu iliyopita? Alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, akasema watatu kati ya tisa. Nilimheshimu kwa jibu hilo, ingawa jibu lenyewe si zuri. Walimu wa shule nyingi za mkataba hawana chama kinachowapigania, na shule ndogo haiwezi kushindana na wilaya kwa mishahara. Hapa ndipo udhaifu wa udogo unapojitokeza. Sifa kuu ya shule hii ni kwamba kila mtoto anajulikana kwa jina. Asubuhi tuliyokwenda, mwalimu mkuu alisimama mlangoni kwenye theluji akawaita wote mmoja mmoja. Lakini kumjua mtoto ni kazi ya mtu, wala si ya jengo. Mwalimu akiondoka, anaondoka na kile alichokijua.

La pili: watoto wanaoacha shule hii katikati huenda wapi, na kwa nini? Alijibu kwamba wengine wazazi wao huhama, na kwamba familia nyingine zenye watoto wanaohitaji elimu maalumu huona wilaya inawafaa zaidi. Sentensi hiyo ya mwisho ilisemwa kwa upole, na ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko nyingine zote. Kwa sheria ya nchi, shule ya mkataba ni shule ya umma, na inawajibika kumhudumia mtoto mwenye ulemavu sawasawa na shule nyingine yoyote ya umma. Shule hii ina mwalimu mmoja tu wa elimu maalumu. Hakuna aliyewafukuza watoto wale. Wazazi wao walipima huduma waliyoipata, wakaondoka wenyewe, na matokeo ya mitihani yakaandikwa bila wao. Mhakiki wa kitabu huangalia pia kurasa zilizochanwa.

La tatu: mkataba wenu unakwisha lini, na mlezi wenu ameandika nini juu yenu? Maandishi hayo ni ya umma, na alitupatia bila kinyongo. Mkataba ulikuwa umebakiza miaka miwili. Ripoti ilisifu utulivu wa watoto na ikaonya juu ya fedha. Nikahudhuria kikao cha bodi, kwa sababu hapa Minnesota vikao hivyo kisheria ni vya wazi. Watu saba walikaa kwenye viti vya watoto katika maktaba wakizungumza kwa saa mbili habari za kodi ya jengo, mtambo wa joto uliochoka, na watoto sita waliopungua. Shule za mkataba katika jimbo hili haziruhusiwi kununua majengo kwa fedha za jimbo, hivyo hupanga. Na kwa kuwa fedha hufuata kichwa cha mtoto, watoto sita katika shule ndogo ni mshahara wa mtu. Tangu mwaka 1991 shule nyingi za aina hii jimboni zimefungwa, nyingine katikati ya mwaka, na wazazi wakabaki kuzunguka na mabegi ya watoto wakitafuta mlango mwingine. Hatari hiyo haiandikwi katika kipeperushi chochote.

Hukumu ni ipi basi? Naigawa mara mbili, kwa sababu mzazi na raia wamo katika mwili mmoja lakini hawaulizi swali moja.

Kama mzazi, naona shule hii ni darasa moja bora, mwalimu mkuu mkweli, na taasisi dhaifu. Jina la binti yetu lilitoka katika bahati nasibu ya masika, tukakubali nafasi. Tulikubali kwa sababu ya dakika kumi za robo na thumni, na kwa sababu mwalimu yule alikuwa mmoja wa wale watatu waliodumu. Mke wangu, ambaye hapendi kuahidiwa mambo kwa mdomo, alitaka kwanza mazungumzo na mwalimu mkuu juu ya ile chati ya ukutani. Mwalimu mkuu akaeleza kwamba kila mwalimu hujichagulia utaratibu wake, na kwamba darasa la nne halina chati. Tuliandika barua fupi kueleza ukimya wa mtoto ulivyoanza, tukaomba iwekwe katika faili lake ili hata mwalimu akiondoka, karatasi ibaki. Tumejiwekea muda wa miaka miwili, sawa na umri uliobaki wa mkataba.

Kama raia, siwezi kuipa alama hizo hizo. Ili kuyajua haya tulitumia jioni nyingi: kusoma ripoti za Kiingereza cha kiofisi, kuhudhuria kikao, kupiga simu, kuomba ruhusa kazini. Jirani yetu kutoka Bukavu anasafisha ofisi za katikati ya mji kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, na ana watoto watatu wa umri huo huo. Nilipomtajia bahati nasibu aliniuliza tiketi yake ni dola ngapi. Haikuwa na tiketi. Ilikuwa fomu ya kurasa mbili, na muda wake wa mwisho ulikuwa umepita wiki moja kabla. Bahati nasibu ni ya haki kati ya wale waliojua kwamba ipo. Uchaguzi wa shule unaosifiwa kama uhuru ni kazi ya ziada isiyolipwa, na wanaoimudu ni wale ambao tayari wana nafasi ya kupumua. Wazo la Shanker lilikuwa kwamba kinachogunduliwa katika shule ndogo kiende kikawafae watoto wa shule kubwa. Sikuona katika shule hii mtu yeyote mwenye kazi ya kukibeba kitu kwenda popote. Mwalimu yule wa mkasi na karatasi anafundisha watoto 20, na shule kubwa ya wilaya iko mitaa minne tu kutoka hapo.

Mwaka huu fomu zitatoka tena mwezi Desemba. Nimeomba nakala tatu za ziada, na nimemwahidi jirani yangu kwamba Jumapili moja mchana, akishaamka, tutakaa naye tuzijaze. Maswali yale matatu nimemwandikia kwa Kiswahili nyuma ya bahasha, na nimemshauri ayaulize mwenyewe, hata kama jibu la shule hii ninalo tayari.